Mume anaogelea kama samaki, mama mkwe anaogopa mamba: twende ziwani au tusiende?

Swali nimelifupisha. Dada mmoja amehamia Kigoma na familia akitokea Tanga, mume amepata kazi huku. Watoto 3, wa kwanza wa kiume ana miaka 12, wa kati wa kike ana 8, kitinda mimba ana 3. Likizo ya mwezi wa 6 wanataka kwenda ufukwe wa Jakobsen siku nzima, waogelee na wakodi kayaki. Mume anasema yeye mtoto wa Raskazone, pwani ya Tanga, anaogelea kama samaki, kwahiyo hela ya malaifu jaketi ni hela ya kutupa. Mama mkwe anayekaa nao anasema hakanyagi kule, kuna mamba na kichocho. Dada anauliza nani yuko sahihi, na waende au wasiende.

Marahaba dada, na karibuni sana Kigoma. Mi nafundisha kuogelea na uokoaji wa majini, ziwa hili nimelikulia, na swali kama lako naulizwa kila likizo ikikaribia hasa na watu waliotoka pwani. Nendeni. Ni aibu mtu akae Kigoma mwaka mzima watoto wake hawajawaona samaki wa Tanganyika kwa macho yao. Ila hiyo jeuri ya shemeji na hiyo hofu ya mama mkwe zote mbili zinaangalia pembeni, maana kinachoua watoto majini mara nyingi ni kwamba watu wazima wapo kibao pale ufukweni na hakuna hata mmoja anayeangalia. Ntarudi hapo. Ngoja nianze na shemeji.

Shemeji anaogelea, sina shaka, lakini amejifunzia kwenye chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama gramu 1,025 na ya ziwa ni kama gramu 1,000, ukisikia unaona hicho kitu gani sasa, ila mwili wa binadamu unaelea kwa tofauti ndogo ndogo hizo hizo. Mtu aliyezoea kulala chali baharini kama yupo kitandani akija huku anashangaa miguu inashuka, pumzi inamuishia mapema, alafu anaona aibu kusema. Kingine bahari ina ratiba, maji yanajaa na kupwa, mtu wa Tanga anajua saa fulani pale yatakuwa magotini. Ziwa halina hiyo. Kina unachokikuta asubuhi ndo kitakuwepo jioni, lakini upepo ukichachamaa mawimbi yanakuwa mafupi yamefuatana karibu karibu, unavuta pumzi unakutana na jingine mdomoni. Na Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa, ni la pili duniani kwa kina, limekaa kwenye bonde la ufa, kwahiyo kuna sehemu unatembea mchanga mzuri kabisa hatua kadhaa alafu chini panakatika.

Kwahiyo kabla watoto hawajagusa maji mwambie shemeji ajipime, bila maneno mengi. Aogelee sambamba na ufukwe mita 50 hivi, sehemu ambayo akisimama maji yanamfika kifuani, alafu alale chali dakika 2 bila kugusa chini. Akimaliza hapo na bado anaongea vizuri basi huyo ndo mtu wako wa maji kwa siku hiyo. Akihema kama amepandisha mlima Mwanga na gunia, mshukuru kwa ukweli wake na abaki maji ya kiunoni. Na bia zisubiri mpaka mrudi nyumbani, hili silijadili na mtu.

Kuna kitu kuhusu haya maji yetu kinadanganya hata sisi wenyeji. Ni maangavu sana, siku nzuri unaona jiwe chini kabisa kama unalishika. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, ila hapa unayaona na bado hujui, kwasababu mwanga ukitoka majini unapinda na kina kinaonekana robo pungufu ya kilivyo. Ukiona kama mita 1 na nusu ujue ni mita 2. Mtoto wako wa miaka 8 anaruka akijua atasimama, anakuta hasimami. Dawa yake ni mtu mzima kutangulia kwa miguu, anatembea anaonyesha mpaka wa kila mtoto, huyu mwisho hapa, huyu mwisho pale, na mnaweka alama ya kuonekana, hata dumu lililofungwa jiwe.

Kijana wa miaka 12 mkanye asiruke kichwa mbele. Usimuelezee uhodari, muelezee sababu: maji ya ziwa yamepanda sana miaka ya karibuni, kuanzia kama 2020 hivi watu wa ukanda huu wameshuhudia nyumba, miti na barabara za pembeni vikimezwa, kwahiyo chini kuna visiki, kuta na mawe ambavyo juzi juzi vilikuwa nchi kavu. Na mchezo wa kushindana nani anakaa chini ya maji muda mrefu nao piga marufuku kabisa. Vijana wanavuta pumzi haraka haraka nyingi kabla ya kuzama wakidhani wanajaza hewa, kumbe wanaipunguza ile hewa chafu ambayo ndo humwambia mwili sasa toka uvute pumzi, mtoto anazimia chini kimya kimya hajasikia hata kubanwa. Hii inaua waogeleaji wazuri hasa, wasiojua kuogelea hawathubutu.

Sasa mama mkwe. Mpe haki yake, mamba wapo Ziwa Tanganyika, na viboko pia. Wanapenda midomo ya mito, matete, maji ya tope, sehemu kama kule Malagarasi inakomwagika. Ufukwe wa mchanga na mawe wenye maji meupe sio makazi yao lakini mamba anatembea, hana mkataba na mtu. Kwahiyo mkifika, kabla ya kuvua viatu, ulizeni wahudumu na wavuvi waliopita alfajiri kama kuna kilichoonekana wiki hii. Wavuvi hawa wanakesha majini na taa wakitafuta dagaa, wanajua kila kitu. Wakisema leo hapana basi leo hapana, mnachoma migebuka mnarudi. Na msiogelee jua likianza kuzama, hata kama maji ni ya vuguvugu na watoto wanalia. Kuna na swila wa maji, nyoka anayekula samaki kwenye mawe mawe, ana sumu ndio ila anakukwepa, kazi yenu ni kumuacha apite na kutoingiza mikono kwenye mapango ya mawe.

Kichocho ndo mahali ambapo mama mkwe anaongea la maana zaidi, ila nadhani anachokijua yeye ni kile cha Tanga, cha mkojo wa damu. Huku tatizo kubwa ni kichocho cha tumbo, mdudu mwingine wa ukoo huo huo, na dalili zake ni tumbo kuuma, kuharisha, damu kwenye choo kikubwa, ikikaa miaka inaharibu ini. Ukisubiri kuona mkojo mwekundu unaweza ukasubiri na ugonjwa unao. Kipo mpaka kwa nyani, wale wa Gombe hapo juu walipimwa wakakutwa nacho.

Kinavyokwenda ni hivi. Mtu mwenye minyoo anajisaidia majini au karibu, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono fulani wadogo, vinazaliana humo, alafu vinatoka vingine vyenye mkia vinavyoogelea kutafuta ngozi ya mtu. Vikikupata vinapenya ndani ya dakika chache tu, hausikii, labda muwasho kidogo. Kwahiyo swali la kujiuliza ni konokono anakaa wapi, na jibu ni kwenye maji yaliyotuama, majani majani, karibu na vijiji ambapo watu wanafua na kuoga, kwenye midomo ya vijito, pembeni za bandari. Penye mchanga au mawe, mawimbi yanapiga, maji maangavu, mbali na makazi, hatari inashuka sana. Haifiki sifuri, na atakayekuhakikishia ufukwe wake ni sifuri anauza kiingilio. Vile vijidudu vinatoka kwa konokono kwa kufuata mwanga, wingi wake ni kuanzia kama saa 4 asubuhi mpaka saa 8 au 9 mchana. Ndo maana mi nashauri watu waogelee mapema, saa 1 na nusu mpaka saa 4, alafu watoke wakae kivulini. Mnapishana na vijidudu na mnapishana na jua kali la mchana kwa pamoja, maana hapa tuko karibu na ikweta na ngozi ya mtoto kwenye maji haisikii joto mpaka usiku anapolia mabega. Mkitoka majini jifuteni kwa nguvu kwa taulo hapo hapo, inasaidia kiasi, usiitegemee kama kinga.

Alafu hapa wengi wanakosea: wanarudi nyumbani, kesho yake wanakwenda duka la dawa wanameza prazikwanteli, dawa ya kichocho, wanasema tumeshamaliza. Dawa ile inaua minyoo iliyokomaa, hawa wachanga inawaacha. Na kipimo cha choo hakioni kitu mpaka minyoo ianze kutaga. Subirini wiki 6 mpaka 8 baada ya kuogelea ndo mkapime nyote, na dawa ipimwe kwa uzito wa kila mtu, huyo wa miaka 3 daktari ndo aamue. Isipokuwa mtu akipata homa, vipele vya kuwasha na kikohozi wiki chache baada ya ziwa, huyo asisubiri, aende na amwambie daktari waziwazi kwamba aliogelea. Wengine wanatibiwa malaria mara 3 kwasababu hawakutaja ziwa. Na maji ya ziwa msinywe, hata watoto wa kijijini wakiwaonyesha wanavyokunywa kwa viganja, kipindupindu kimeshapita sana pembezoni mwa ziwa hili.

Haya, kayaki. Nimeona kwenye swali umeandika kayaki kama nyongeza ya starehe, ila kwangu hapa ndo kuna mtego wa mwezi wa 6. Kiangazi kinavuma kusi, na sisi tuko ufukwe wa mashariki, maana yake ule upepo wa kusini mashariki unatoka nyuma yako, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukiwa umesimama kwenye ghuba ndogo kama zile za Jakobsen, milima iko nyuma yako inakukinga, maji mbele yako yametulia kama yapo kwenye sufuria, unasema leo ziwa shwari. Unapiga kafi mita 200, unatoka kwenye kinga ya mlima, upepo unakushika mgongoni unajisikia bingwa, kayaki inakimbia yenyewe. Unageuka kurudi ndo unagundua ulikuwa unasukumwa. Upande wa pili ni Kongo, na katikati ni kilomita nyingi sana.

Kwahiyo usiangalie maji ya miguuni kwako, angalia mbali. Ukiona kule mbele rangi imekuwa nyeusi nyeusi imekwaruzika au kuna weupe wa povu, upepo upo, wewe ndo umejificha. Rusha vumbi, angalia majani ya miti juu kilimani. Kayaki itembee sambamba na ufukwe, umbali ambao mtu mzima akianguka anaogelea akiwa na jaketi anafika, na mnaanza safari kwa kupigana na upepo ili wakati wa kurudi mmechoka uwarudishe. Siku ya upepo wa nyuma msitoke kabisa, mchezee kwenye ghuba hata kama mmeshalipia, saa moja ya kayaki haina thamani hiyo. Haya maboya makubwa ya kupulizwa, mara bata mara flamingo, na tyubu za tairi, ndo mabaya zaidi maana yanashika upepo kama tanga na mtoto aliye juu hana hata kafi. Yaacheni nyumbani.

Kabla ya kukodi pigeni simu kuuliza kama kayaki zipo siku hiyo na jaketi za saizi ya watoto zipo, maana nyingi za kukodi ni za watu wazima. Mkifika itikiseni kayaki, ukisikia maji yanacheza ndani au kile kizibo cha nyuma kinalegea, chukua nyingine. Familia inataka ile ya kukaa juu, iliyo wazi, sio ile unayoingiza miguu ndani, ya kukaa juu ikipinduka mtu anaanguka pembeni hanasi. Mtoto wa miaka 8 akae mbele, mtu mzima nyuma, ili umuone. Wa miaka 3 hapandi, akilia akalie kwa bibi yake.

Na fanyeni kitu kimoja watu wanakicheka: jipindueni makusudi. Kwenye maji ya kiunoni, kila atakayepanda aanguke mara 2, ajifunze kupanda tena kwa kulalia tumbo katikati kisha kugeuka. Watoto wanapenda sana hii kuliko hata kayaki yenyewe. Mtu aliyeshawahi kuanguka akicheka hapaniki akianguka kweli, na anajua sheria kwamba ukipinduka shika kayaki usiiache, hata ufukwe uonekane uko karibu vipi. Kayaki inaonekana toka mbali, kichwa cha mtu hakionekani. Firimbi ifungwe kwenye jaketi, simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji. Na usikubali kupandisha watoto kwenye mtumbwi wa mvuvi kwasababu tu amesema twendeni bure, mwenyewe anasimama humo kama yuko sebuleni ila amezaliwa humo.

Jaketi sasa, shemeji asikie. Angalia lebo ndani, imeandikwa uzito wa mtu na namba ya Newton. 50 ni kama kilo 5 za kukunyanyua, inamsaidia mtu anayejua kuogelea na aliye na fahamu, basi. Kuanzia 100 ndo inaanza kuweza kumgeuza mtu uso juu. Watoto wako wote wanahitaji kuanzia 100, na wa miaka 3 iwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu pamoja na kola ya kushika kichwa. Ukishamvalisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi, kidevu kikizama ndani au masikio yakifunikwa hiyo ni kubwa, usiseme atakua ataifikia. Yale maboya ya kuvaa mikononi ni ya kuchezea, yanachomoka. Nguo za kuogelea nazo nunua rangi za kelele, machungwa, njano kali, waridi ya kung'aa. Bluu na nyeupe zikishuka nusu mita ni ngumu kuonekana, na sijui kwanini maduka yamejaa za bluu tu.

Shemeji mwenyewe kwenye kayaki naye avae. Yeye ndo wa kuwaokoa wengine, akianza kuokolewa yeye watoto wanabaki na nani?

Nimesema ntarudi kwenye kuangalia. Nilishakuwepo ufukweni siku moja, mahali sitopataja, familia mbili zimekuja pamoja, watu wazima 9 nimewahesabu baadae. Nyama inachomwa, muziki upo, watoto kwenye maji ya kiunoni. Kila mmoja anadhani mwenzie anaangalia. Binti wa miaka kama 6 alikuwa amesimama wima majini, uso umeangalia juu, nywele zimemfunika macho, mdomo unazama unatoka. Hapigi kelele. Hapungi mkono. Mama yake alikuwa hatua 6 kutoka pale anamcheka mwingine. Tulimtoa mzima, leo ni mdada wa sekondari, lakini mama yule aliniambia kitu kimoja tu: "Nilijua atalia." Wote tunajua atalia. Anayezama anatafuta hewa, hewa ya kupigia kelele anaitoa wapi, na mikono inasukuma maji chini ili kichwa kipande, haiwezi kupunga. Mtoto anaweza kumaliza yote hayo kwa chini ya dakika 1.

Kwahiyo mi familia zangu nazifanyisha zamu ya kofia. Nunueni kofia moja nyekundu, ya bei yoyote. Aliyeivaa kazi yake ni macho tu. Simu hana, chakula hapakui, stori hapigi, hata akiulizwa chumvi iko wapi hajibu. Dakika 20 alafu anaivua anamvalisha mwingine kichwani, na anayepokea anahesabu watoto kwa sauti kabla ya kuipokea. Zaidi ya dakika 20 macho yanaangalia ila kichwa kimeshaondoka. Kofia ikikosa mtu, wote wanatoka majini, hakuna mjadala. Na kwa yule wa miaka 3 kofia haitoshi, yeye anahitaji mtu wake aliyeko majini pamoja nae, umbali wa mkono.

Sasa hapa ndo namtaka mama mkwe wako. Mbembelezeni aje. Mwambieni hakanyagi maji, atakaa kivulini na kanga yake, na yeye ndo wa kwanza kuvaa kofia. Nimegundua kwa miaka hii yote kwamba bibi asiyejua kuogelea ni mlinzi mzuri kuliko mjomba anayejua, kwasababu mjomba anajisemea nikiona kitu naruka, bibi anajua hawezi kuruka kwahiyo haondoi jicho, na akipiga ukelele kijiji cha Katonga kinasikia. Hofu yake ipeni kazi.

Mwekeeni pembeni dumu la lita 20 tupu, kizibo kimefungwa kabisa, limefungwa kamba mita 15. Hilo ndo boya letu la uokoaji, linabeba mtu mzima bila shida maana aliyeko majini anahitaji kilo 5 tu za kumnyanyua na dumu lina karibu 20. Weka maji kidogo ndani lipate uzito wa kuruka. Anayezama anarushiwa, hafuatwi, hasa na mtu asiyejua kuogelea, anayezama anakupanda kama ngazi na mnakwenda wawili. Jizoezeni kurusha mkiwa nchi kavu, watoto watataka kushindana, waacheni.

Ikitokea mtoto katolewa hapumui, naomba msimning'inize miguu juu na msimkandamize tumbo, najua ndo tulivyofundishwa na wazee. Maji yaliyoko tumboni hayana shida, shida ni hewa, na ukikandamiza anatapika yanaingia mapafuni. Mlazeni chali, mnyanyueni kidevu, mbane pua, mpulizieni pumzi 5 za kwanza mkiona kifua kinapanda. Hakuna dalili ya uhai, anza kukandamiza kifua katikati mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, mwingine anapiga 114 ya zimamoto na uokoaji na mwingine anatafuta gari. Akizinduka bado anakwenda hospitali, hata kama anacheka, mapafu yanaweza kugoma saa chache baadae. Kabla hamjatoka nyumbani jueni gari lipo wapi na dereva ni nani, kutoka kule mpaka hospitali ya Maweni bodaboda na mtoto aliyezimia ni mtihani.

La mwisho kuhusu tarehe. Ulizeni kama uvuvi umefungwa, mwaka 2024 ziwa lilifungwa miezi 3, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kwa samaki ni jambo zuri sana, ila kwenu ina maana mbili: maboti ya kuwafuata mkisukumwa na upepo yanakuwa machache, na migebuka mibichi ya kuchoma hamtoipata kirahisi, bebeni kuku. Bebeni na miwani ya kuogelea kwa kila mtoto, hiyo msiisahau kuliko kitu chochote cha starehe. Ziwa hili lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sato wadogo wa rangi, wa bluu, wa njano, wenye mistari, na karibu wote hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Maji ya kiunoni kwenye mawe, uso ndani, huyo binti wa miaka 8 atakaa hapo saa nzima, na mwenye kofia atamfuata kwa macho kirahisi maana mtoto hakimbii kimbii.

Saa 4 mpo nje mnajifuta, mnakula mapema. Tumbili watawafuata mezani, fungeni vyakula, na mkikuta pundamilia wakasogea msimpe mtoto mkate akawalishe, wanazoeleka kwa macho ila teke lao ni la punda.